Nimepewa kuandika historia ya bibi yetu: niseme nini zaidi ya «alikuwa mcha Mungu»?

Swali

Shikamoo, Mwalimu. Bibi yetu mzaa baba amefariki huko Mwika, Kilimanjaro, na kikao cha ukoo kimenipa mimi, mjukuu wake ninayeishi Dar es Salaam, kazi ya kuandika na kusoma historia ya marehemu siku ya mazishi, Jumamosi. Mchungaji amesema isizidi dakika tano. Nimeandika kwamba alikuwa mke mwema, mama mlezi, mcha Mungu na mpenda watu, lakini nikiisoma naona kama nasoma historia ya bibi wa mtu mwingine yeyote. Umri wake nao unatusumbua: cheti cha ubatizo ni cha 1936, kitambulisho cha taifa kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1931. Ndoa yake ilifungwa kanisani 1955, na babu alifariki 1989, baba mdogo na shangazi yangu wa mwisho wakiwa bado sekondari. Alizaa watoto 9. Wawili walifariki wakiwa wadogo, na wa kwanza alizaliwa kabla ya ndoa, akalelewa kwa wazazi wa bibi. Babu alikuwa na familia nyingine Moshi mjini, na watoto wa huko walikuwa wakiletwa kwa bibi kila Krismasi. Baadhi ya baba zangu wanataka hayo yote yasiguswe. Samahani kwa kukuchosha na mambo madogo, lakini ninachokumbuka mimi ni vitu kama sadaka yake, aliyokuwa akiifunga kwenye pindo la kanga tangu Jumamosi jioni, mikungu ya ndizi aliyoibeba kichwani kwenda sokoni, na jinsi alivyosahau majina yetu sote miaka ya mwisho, ilhali akianzishiwa wimbo wa kanisani aliuendeleza hadi ubeti wa mwisho. Nianzie wapi?

Jibu

Marahaba, mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeona kwamba historia unayoitafuta umekwisha kuiandika, ila umeiweka mahali pa kuomba radhi. Sentensi ulizozitanguliza, zile za mke mwema na mama mlezi, ni za kweli bila shaka, lakini hazina mwenyewe. Zinaweza kuvuliwa kwa bibi yako leo zikavikwa kwa marehemu wa kesho bila kurekebishwa hata upindo. Sadaka iliyofungwa kwenye pindo la kanga tangu Jumamosi jioni haimwenei mtu mwingine. Nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na sasa ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri huku huku mlimani, kwa hiyo historia za marehemu nimezisikia, nimezisahihisha na nimezisoma kwa wingi, na ninaweza kukuambia kwamba waombolezaji huinua vichwa pale tu wanaposikia jambo ambalo wao wenyewe walilishuhudia.

Watu wakitaka kumsifu mwanamke wa aina ya bibi yako hukimbilia Mithali 31, «Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?», wakakomea hapo hapo kwenye mstari wa 10. Wangeendelea, wangekuta sura iliyojaa kazi kuliko sifa: mwanamke yule anaamka usiku haujaisha ili kugawa chakula, anaangalia shamba na kulinunua, anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, taa yake haizimiki usiku, anashona nguo na kuziuza. Luka naye, alipotaka kutueleza habari za Ana, mjane wa hekaluni, alitumia mistari miwili, Luka 2:36 na 37. Alimtaja baba yake, Fanueli. Kabila lake, Asheri. Miaka aliyokaa na mume wake, saba. Ujane wake, na hesabu ya miaka 84. Kisha akasema alichokuwa akikifanya, yaani kutotoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Hakuandika kwamba Ana alikuwa mcha Mungu, na sijaona msomaji aliyelikosa neno hilo. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Dorkasi katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Petro alipofika Yafa na kupandishwa ghorofani alipolazwa marehemu, wajane waliokuwa wakilia walimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwatengenezea alipokuwa pamoja nao. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa kwa Jumamosi: uonyeshe kanzu.

Tuanze na umri, kwa kuwa ndio unaowatatiza. Kitazame tena cheti cha ubatizo: mwaka 1936 ni mwaka wa kubatizwa, na si lazima uwe mwaka wa kuzaliwa. Katika miaka ile wapo waliobatizwa wakiwa wachanga kwa sababu wazazi wao walikuwa Wakristo tayari, na wapo waliobatizwa wakiwa watoto wakubwa, siku ileile mama zao walipobatizwa baada ya kumaliza mafundisho. Ofisi ya usharika ina vitabu. Omba waangalie kama jina la mama yake bibi limo kwenye ukurasa uleule, na kama umri wa mtoto uliandikwa pembeni. Waangalie pia mwaka wa kipaimara, kwa maana kipaimara kilipokewa katika ujana wa mwanzo, na ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo utabakiwa na miaka michache tu ya kuchagua. Tarehe 1 Januari ya kwenye kitambulisho usiiegemee sana. Wazee wengi wasioijua siku yao waliandikiwa hiyo ili fomu isibaki wazi.

Baada ya vitabu, waulize wazee, na uwaulize kwa matukio badala ya kuwauliza kwa miaka. Mwika bado wapo wanaokumbuka Thomas Marealle wa Marangu alipoanza kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachaga, mwaka 1952, na wapo wengi zaidi wanaokumbuka usiku wa Uhuru, 9 Desemba 1961, mwenge ulipowashwa juu ya Kilimanjaro. Muulize ndugu yake aliye hai: Mangi Mkuu alipotawazwa, bibi alikuwa bado msichana wa nyumbani, au alikuwa amekwisha kupata mtoto wake wa kwanza? Uhuru ulipokuja alikuwa amembeba nani mgongoni? Swali hilo la pili litakupa mwaka, na huenda likakupa pia sentensi nzuri kuliko zote za historia yako. Mkiukubali mwaka mmoja, uandikwe huohuo kwenye historia, kwenye ratiba ya ibada na kwenye msalaba, mwaka peke yake bila tarehe. Msipoukubali, andikeni kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kwamba ameaga dunia akiwa na zaidi ya miaka 90, maneno ambayo ni ya kweli na hayana aibu yoyote. Cheti cha kifo chenyewe kiacheni kifuate kitambulisho, kwa sababu nyaraka za serikali zikihitilafiana ndipo usumbufu wa mirathi unapoanza. (Biblia tunayoisoma sisi Walutheri imemtaja mwanamke mmoja tu kwa umri aliofariki nao, Sara, miaka 127, wengine wote tunawaheshimu bila kuijua hesabu yao.)

Sasa hiyo mikungu ya ndizi. Umeitaja kama kumbukumbu ya kitoto, kumbe ndani yake mna habari yote ya mama mlezi. Huku kwetu, kama ulivyosikia kwa wakubwa, kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoundwa mwaka 1933, kahawa ilipelekwa kwenye chama kwa jina la mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, malipo yakatoka kwa jina lake, na kitabu cha mauzo kikawekwa kwenye sanduku lake. Wakati huohuo, aliyechuma buni mbivu, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika na kuigeuza juani na kuiwahi mvua isiinyeshee, mara nyingi alikuwa mke na watoto. Ndiyo maana ukienda kutafuta maisha ya bibi yako kwenye karatasi za nyumbani utamkuta babu tu. Bibi yumo kwenye vitu visivyoandikwa stakabadhi: majani ya ng'ombe aliyokwenda kuyakata na kuyapandisha mlimani kichwani, samadi aliyoitoa zizini na kuitandaza kwenye migomba, mahindi na maharage ya shamba la chini huko upande wa Himo, maziwa aliyoyapimia watu kwa kibuyu au chupa, na zile ndizi za soko la Mwika. Waulize shangazi zako alikuwa akiondoka saa ngapi, akipumzika wapi njiani, na akirudi na nini. Waulize nani alikuwa mteja wake. Huyo mteja, kama yu hai, atakuwepo Jumamosi, na itakuwa vema akijisikia akitajwa.

Umeniambia pia jambo ambalo huenda wewe mwenyewe hukulipima uzito wake. Babu yako alifariki 1989, akiacha wawili sekondari. Mwezi Julai wa mwaka huohuo mgawo wa mauzo uliokuwa ukiishikilia bei ya kahawa duniani, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ulivunjika, na bei ikaporomoka kwa miaka kadhaa iliyofuata. Kwa hiyo bibi yako alipokea kihamba pamoja na kahawa yake katika wakati mbaya kuliko wote wa kukipokea, na ikiwa baba yako mdogo na shangazi yako walimaliza shule, nina hakika ndogo tu kwamba ni kahawa iliyowamalizia. Thibitisha kwao wenyewe, kisha uandike kwa sentensi moja: mwaka aliofiwa na mumewe, bei ya kahawa ilianguka, na ada ya watoto wawili ililipwa kwa ndizi. Usiongeze «kwa hakika alikuwa mama shujaa». Waombolezaji wa Mwika wanajua mkungu wa ndizi una uzito gani, na wanajua una bei gani.

Kuhusu babu na familia yake ya mjini, ninawaelewa baba zako, na ninakubaliana nao nusu. Mazishi si mahali pa kumshitaki mume aliyekwisha kulala zaidi ya miaka 30. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kusema uongo mbele ya jeneza ni jambo lingine. Sentensi iliyozoeleka, kwamba waliishi kwa upendo na amani hadi kifo kilipowatenganisha, usiisome, kwa kuwa nusu ya waliokaa chini ya turubai watatazamana, na kuanzia hapo hawatakuamini tena hata utakaposema yaliyo kweli. Andika tarehe ya ndoa, kanisa ilipofungwa, miaka 34 ya ndoa, na ujane uliokuwa mrefu kuliko ndoa yenyewe; hesabu hizo zinatosha. Hao watoto wa mjini waliokuwa wakiletwa Krismasi ni habari nyingine kabisa. Kama bibi yako aliwapokea, akawalaza kitanda kimoja na wa kwake na akawapakulia chungu kimoja, basi hapo ndipo neno «mke mwema» linapopata maana ambayo hata Mithali haikuifikia, na mwenye haki ya kuruhusu lisemwe au lisisemwe ni wao, maana wao ndio waliokuwa watoto. Wapigie simu uwaulize. Wakikubali, lisemwe kwa unyenyekevu: «Watoto wa babu wote waliokuja Krismasi walilala nyumbani kwake.» Neno «wote» litafanya kazi yake bila maelezo, na hakuna atakayeweza kusema umemvunjia babu heshima.

Kwa mtoto wa kwanza sina unusu. Alizaliwa na bibi yako, basi atajwe, wa kwanza katika orodha kama alivyo wa kwanza katika kuzaliwa, bila kivumishi, bila «pia alikuwa na», bila kueleza alilelewa wapi. Umwambie mapema, ili asishtuke wala asije akakaa nyuma ya umati siku hiyo akidhani hatatajwa. Kama baba zako watapinga, waonyeshe ukoo wa Yesu katika Mathayo 1, ambamo Tamari ametajwa, Rahabu ametajwa, na Bathsheba ametajwa kama mke wa Uria, bila mwandishi kuona haya. Jambo la kutengwa na kanisa kwa kuzaa kabla ya ndoa, na kurudishwa kundini, kama lilikuwepo, lilikwisha kati yake na usharika wakati huo, na halina nafasi kwenye karatasi yako.

Hao wawili waliofariki wakiwa wadogo nao wahesabiwe. Ninalisema hili kwa uchungu wa kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilisoma historia ya mama mmoja wa mtaa wetu, nikaandika kwamba alijaliwa watoto 6. Tulipokwisha kuweka mashada, bibi mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu usichana alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, «Na yule wa kwanza, Mwalimu, yeye hakuzaliwa?» Alikuwa amefariki akiwa na miezi minane, na mama yake hakuacha kumtaja mpaka uzeeni. Hakuna aliyenificha, mimi ndiye niliyewauliza waliopo, nikasahau kuuliza habari za wasiokuwepo. Kwa hiyo andika «alijaliwa watoto 9, wawili kati yao walitangulia mbele za Bwana wakiwa wadogo», na kama majina yao yanajulikana, yasome.

Nafikia kanisa, na hapa nakuomba uchukue muda wako mrefu zaidi, kwa sababu ndipo historia nyingi zinapokuwa nyepesi. «Alikuwa mshirika mwaminifu» haituambii kitu, kwa maana husemwa hata juu ya watu tuliokuwa tukiwaona Pasaka na Krismasi tu. Bibi yako alibatizwa wakati kanisa la huku lilikuwa bado chini ya wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Alipokuwa mtoto vita vikuu vya pili vilianza, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na kazi kubwa ya sharika ikawaangukia wachungaji, walimu na wazee wenyeji. Alipokuwa mama wa watoto kadhaa, mwaka 1963, makanisa saba yaliungana yakawa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mkuu wake wa kwanza akawa Askofu Stefano Moshi, mtu wa mlima huuhuu. Huna haja ya kuyasoma haya yote Jumamosi, lakini yajue unapoandika, ili uone kwamba mwanamke unayemwandika alikaa kwenye benchi lake huku kanisa likibadilika kumzunguka, na kwamba hizo zamu za kufagia, hizo sadaka za mayai na mikungu zilizopigwa mnada nje baada ya ibada, ndizo zilizoliwezesha kusimama kwa miguu yake.

Kisha tafuta mambo yake mahususi. Alikaa benchi gani, upande gani wa akina mama, na nani alikuwa jirani yake? Kutoka kihambani hadi kanisani ni mwendo gani, na aliacha lini kuutembea? Alikuwa kwenye kwaya au umoja wa wanawake, na sauti yake ilikuwa ipi? Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi, wanawake wanapokutana kwa siku ya maombi ya dunia, yeye alikuwa akipewa kazi gani? Jumuiya ya nyumba kwa nyumba ilipokuja kwake, alitandika nini, na aliwapikia nini baada ya sala? Mtu alipougua mtaani, alikwenda na nini mkononi? Mzee wa kanisa wa mtaa wake anajua majibu ya kiutumishi. Majibu ya kweli wanayo wanawake wenzake. Usiwaulize «alikuwa mtu wa namna gani?», kwa kuwa watakujibu kwa adabu kwamba alikuwa mtu mwema. Waulize «Alhamisi alikuwa akifanya nini?», utapata kujaza ukurasa. Nimewahi kuambiwa na mama mmoja, nilipomuuliza hivyo, kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu kwa miaka mingi bila mchungaji yeyote kujua vinafuliwa na nani.

Sehemu ya ugonjwa iwe fupi. Historia zetu nyingi hutumia nusu ya muda wake kwenye safari za hospitali, tarehe za kulazwa na kuruhusiwa. Nimesikia moja iliyotaja dawa kwa majina. Bibi yako aliishi zaidi ya miaka 90 na hakuugua muda huo wote. Usione aibu kusema kwamba alisahau, maana waliokuwa wakimtembelea waliona, na kulificha ni kama kusema ulikuwa ugonjwa wa fedheha. Sema alisahau majina yenu, kisha sema alichokuwa hajakisahau.

Idadi ya wajukuu na vitukuu ihesabiwe na watu wawili tofauti, kila mmoja kwa karatasi yake, kabla hujaiandika. Mkihitilafiana, rudieni, kwani mjukuu aliyesahauliwa katika hesabu atalikumbuka hilo kuliko mahubiri. Majina ya wajukuu wote usiyasome. Dakika tano ni maneno kama 500, yakisomwa kwa mwendo wa mazishini. Kama yupo kilembwe, mtoto wa kitukuu, mtaje hata akiwa na wiki mbili, kwa maana si kila bibi anafikia kumpakata.

Kwa yale uliyonipa peke yake, sehemu ya katikati ya historia yako ingeweza kusomeka hivi, na wewe utairekebisha ukishawauliza wenye habari:

«Bibi alibeba ndizi kichwani kutoka kihambani hadi soko la Mwika. Pesa aliyorudi nayo ilikuwa na kazi zake: ada, chumvi, mafuta ya taa, na sadaka, ambayo aliifunga kwenye pindo la kanga tangu Jumamosi jioni ili Jumapili isikute imepata kazi nyingine. Mwaka 1989 alifiwa na mume wake, na mwaka huohuo bei ya kahawa ikaanguka. Watoto wawili walikuwa bado sekondari. Wote wawili walimaliza. Watoto wa babu wote waliokuja Krismasi walilala nyumbani kwake. Katika miaka ya mwisho alisahau majina yetu, na sisi tulijifunza kutomuuliza. Lakini ukianza wimbo aliumalizia, ubeti kwa ubeti, na mara nyingi sisi tuliokuwa tukimwimbia ndio tuliokuwa hatujui maneno ya mwisho.»

Angalia kwamba neno «marehemu» halimo. Litumie mara moja mwanzoni, ukitaja majina yake kamili pamoja na ukoo aliozaliwa, ambao akina baba husahau kuutaja kana kwamba mwanamke alizaliwa siku ya harusi. Baada ya hapo mwite Bibi, kama ulivyokuwa ukimwita. Chapa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, usitegemee simu, kwa kuwa kioo chake hakisomeki kwenye jua la saa saba mchana na mikono itatetemeka. Isome kwa sauti mara tatu nyumbani, ujue machozi yatakuja kwenye mstari gani, na mpe binamu yako nakala ya pili asimame karibu nawe, aendelee kutoka hapo ukishindwa.

Jambo moja sijaliona kwenye barua yako, nalo ni lugha ya huo wimbo. Wanawake wa umri wake wengi walijifunza nyimbo kwanza kwa Kichaga, na Kiswahili kikafuata. Ikiwa aliokuwa akiumalizia ni wa Kichaga, basi mstari wake mmoja uusome kwa Kichaga, hata kama matamshi yako ya Dar es Salaam yatawachekesha wazee. Ndugu yake wa rika lake atakuwa anaujua. Mpigie leo kabla ya saa mbili usiku, wazee hulala mapema, na mwombe akuimbie polepole huku ukiandika.